Uhariri wa RNA kwa utafiti wako: neva, kinga au utumbo?

Rasimu nyingi za mapendekezo zinazonifikia kutoka kwa wanafunzi wa biokemia na zoolojia wa Maseno, Egerton na Masinde Muliro huwa na kichwa kimoja kwa maneno yanayokaribiana: "Nafasi ya uhariri wa RNA katika seli za wanyama." Ni mada ninayoipenda kwa dhati, ila si mada moja. Ndani yake mna angalau kazi tatu, zinazofanywa katika tishu tofauti na kupimwa kwa njia zisizofanana. Mwanafunzi anayezichanganya hufika mbele ya jopo akaulizwa, "Utapima nini, kwenye sampuli gani?" Hapo jibu hukosekana.

Kwa hiyo nazilinganisha hapa kazi hizo tatu kwa mtu aliye Kisumu, Njoro, Kakamega au Bondo, mwenye maabara ya kawaida ya idara na muda wa shahada ya kwanza au ya uzamili.

Uhariri wenyewe, kwa ufupi

DNA ni kama hati halisi ya shamba iliyofungiwa kabatini. RNA mjumbe ni nakala inayotolewa ili kazi ifanyike. Uhariri hubadilisha herufi kwenye nakala, na hati kabatini ikabaki ilivyo.

Katika seli za wanyama kuna aina mbili kuu za badiliko hilo. Ya kwanza hufanywa na vimeng'enya vya ADAR: adenosini hunyang'anywa kikundi chake cha amino ikawa inosini, na ribosomu, mashine ya seli inayosoma RNA na kutengeneza protini, huisoma inosini kana kwamba ni guanosini. Kwa hiyo A hugeuka kuwa G machoni pa seli. Ya pili hufanywa na APOBEC1, ambayo hugeuza sitidini kuwa uridini, yaani C kuwa U. ADAR1 na ADAR2 hushika RNA iliyojikunja ikawa na nyuzi mbili. APOBEC1 hutafuta mfuatano maalumu ulio karibu na herufi inayolengwa, na huhitaji protini za kuisaidia.

Uhariri wa RNA uliripotiwa mara ya kwanza mwaka 1986 katika tripanosoma, jamaa wa vimelea vya malale ambavyo watu wa Busia na bonde la Lambwe wanavifahamu kwa sababu ya mbung'o. Huko uridini huingizwa na kuondolewa kwa wingi. Lakini tripanosoma si mnyama, na mfumo wake ni mwingine kabisa. Ukiutaka, andika pendekezo jingine.

Vigezo ninavyotumia

Nauliza kwanza kazi hiyo inafanya nini ndani ya seli. Kisha nauliza mnyama hupatwa na nini inapokosekana, kwa sababu huo ndio ushahidi mzito kuliko wote. Swali la tatu ni la sampuli na vipimo: tishu itatoka wapi, nani atakupa kibali, na je, PCR (kunakili kipande cha DNA mara nyingi) na usomaji wa mfuatano kwa njia ya Sanger (kusoma herufi za kipande kimoja) vinatosha au utahitaji mamilioni ya vipande vya RNA na kompyuta yenye nguvu? La mwisho ni wewe mwenyewe, unapenda kazi gani na una muda gani. Umaarufu wa mada siuweki miongoni mwa vigezo.

1. Neva: uhariri unaobadilisha protini

*Kazi yake.* Mfano mkuu ni GluA2, sehemu ya kipokezi cha glutameti katika ubongo. Mwaka 1991 kikundi cha Peter Seeburg kule Heidelberg kilionyesha kwamba mahali fulani jeni inaagiza glutamini, ilhali protini ina arginini. Kodoni, yaani herufi tatu zinazoagiza asidi amino moja, hapo ni CAG, na huhaririwa ikasomeka kama CGG. Karibu RNA zote za GluA2 katika ubongo wa mtu mzima huwa zimehaririwa hapo, na arginini hiyo moja ndiyo inayozuia kalsiamu kupita kwenye mlango wa kipokezi.

Mfano wa pili ni kipokezi cha serotonini kinachoitwa 2C. RNA yake ina sehemu tano za kuhaririwa zilizokaribiana, na kulingana na zipi zimeguswa, jeni moja inaweza kutoa maumbo 24 ya protini, yenye nguvu tofauti za kupitisha ishara.

*Ikikosekana.* Panya walionyimwa ADAR2 hupata kifafa na kufa ndani ya takriban wiki tatu baada ya kuzaliwa. Mwaka 2000 watafiti waliwapa panya hao jeni ya GluA2 ambayo tayari ilikuwa na herufi iliyobadilishwa kwenye DNA, na wakaishi. Jaribio hili linastahili kusomwa polepole. Kimeng'enya hiki hugusa RNA nyingi, lakini kifo chenyewe kilitokana na herufi moja. Kwa binadamu, utafiti wa 2004 ulikuta uhariri wa GluA2 umepungua katika seli za neva za mwendo za wagonjwa wa ALS, ugonjwa unaodhoofisha misuli hadi mtu ashindwe kupumua. Nzi wa matunda waliokosa ADAR huishi, ila hutembea kwa shida na ubongo wao huharibika kadiri wanavyozeeka.

Wako pia ngisi na pweza, ambao huhariri RNA za neva kwa kiwango kisichoonekana kwa mamalia. Mwaka 2023 ilionyeshwa kwamba pweza anapohamishiwa kwenye maji baridi hubadilisha uhariri katika maelfu ya sehemu. Anayeishi kando ya Ziwa Victoria hatampata pweza, ila swali la joto na uhariri anaweza kulipeleka kwa mdudu.

*Sampuli na vipimo.* Hapa ndipo eneo letu lina nafasi ambayo wengi hawaioni. Wadudu wana jeni moja tu ya ADAR, inayofanana na ADAR2 yetu, na kazi yake kubwa iko kwenye neva. Viuadudu vingi navyo hulenga neva. RNA ya RDL, kipokezi cha neva cha mbu Anopheles gambiae, huhaririwa, na uhariri huo hubadilisha jinsi kinavyoitikia GABA (kemikali inayotuliza neva) na ivermektini (dawa ya minyoo inayoua pia wadudu). Utafiti wa IVERMAL uliofanyika Kisumu na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba damu ya wagonjwa wa malaria waliopewa dozi kubwa ya ivermektini iliendelea kuua mbu hadi siku 28 baada ya matibabu. Mlango mkuu ambao dawa hii huushika katika mdudu ni ule wa kloridi unaofunguliwa na glutameti, lakini RDL nayo huguswa. Mwanafunzi anayeuliza kama mbu wa Ahero na mbu wa maabara wanahariri RDL kwa kiwango kimoja anauliza swali lenye uzito hapa hapa nyumbani.

Tena mbu wa kulinganisha yupo. Aina ya Anopheles gambiae iitwayo Kisumu, iliyotoka huku kwetu, hutumiwa na maabara nyingi duniani kama kipimo cha mbu asiye na usugu wa dawa. Taasisi ya utafiti wa tiba KEMRI kule Kisian na kituo cha utafiti wa wadudu icipe kule Mbita ni mahali pa kupeleka barua ya maombi mapema.

Ugumu upo pia. Kichwa cha mbu mmoja kina RNA kidogo mno, kwa hiyo utachanganya vichwa vingi katika sampuli moja na kupoteza tofauti kati ya mbu na mbu. Ukiamua kutumia ubongo wa panya wa maabara, usichague ile sehemu ya GluA2 inayogeuza glutamini kuwa arginini ukitarajia tofauti. Imehaririwa karibu yote, na utatumia mwaka mzima kuthibitisha kinachojulikana. Chagua sehemu nyingine ya RNA hiyo hiyo, ile inayogeuza arginini kuwa glisini, kwa sababu kiwango chake hupanda kadiri ubongo unavyokua. Sehemu ile ya kwanza ina faida moja: unaweza kuisoma kwa jeli tu. Kimeng'enya BbvI hukata DNA penye herufi GCAGC, na uhariri ukishageuza A kuwa G, hakiwezi kukata tena mahali hapo. Kwa kujifunza mbinu ni nzuri sana. Kipokezi cha 2C kiache kama huna fedha za usomaji wa kina (ule wa mamilioni ya vipande), maana sehemu zake tano zimesongamana na kilele cha Sanger hakikuambii zipi ziko pamoja kwenye RNA moja.

*Anayefaa.* Mtu wa zoolojia au entomolojia, mvumilivu kwenye darubini, anayetaka swali la kibayolojia linalogusa afya ya jamii.

2. Kinga: uhariri unaozuia mwili kujishambulia

*Kazi yake.* Idadi kubwa kabisa ya sehemu zinazohaririwa kwa binadamu hazibadilishi protini yoyote. Zimo ndani ya vipande vya Alu, mifuatano inayojirudia zaidi ya mara milioni moja katika jenomu yetu na kuchukua karibu asilimia 10 yake. Alu mbili zikikaa kinyume katika RNA moja, hushikana na kutengeneza nyuzi mbili. Virusi vingi navyo huacha RNA ya nyuzi mbili ndani ya seli, na mlinzi aitwaye MDA5 kazi yake ni kuigundua na kupiga kengele ya intaferoni, protini zinazoamsha kinga. ADAR1 huhariri RNA hizi za nyumbani, nyuzi zikalegea pale zilipohaririwa, na MDA5 akatulia.

ADAR1 ina maumbo mawili. Lile fupi, p110, hukaa zaidi ndani ya kiini cha seli. Lile refu, p150, huonekana zaidi nje ya kiini na huongezeka intaferoni inapopanda.

*Ikikosekana.* Kijusi cha panya kisicho na ADAR1 hufia tumboni. Mwaka 2015 watafiti walitengeneza panya wenye ADAR1 iliyopo lakini isiyoweza kuhariri. Nao walifia tumboni, ila walipoondolewa MDA5 pia, waliishi hadi utu uzima. Kwa jaribio hilo tunajua kazi kuu ya uhariri wa ADAR1 ni ipi, na mimi sijaona hoja safi zaidi katika uwanja huu mzima. Kwa watoto, kasoro za ADAR1 ni mojawapo ya vyanzo vya ugonjwa wa Aicardi-Goutières, ambapo intaferoni iko juu bila virusi na ubongo huumia. Hilo liliripotiwa mwaka 2012. Katika saratani mambo hugeuka: uvimbe ukiondolewa ADAR1 huonekana zaidi na kinga, na kwa sababu hiyo watu wa dawa wanaifuatilia.

*Sampuli na vipimo.* Damu ya binadamu inaonekana rahisi kupata. Si rahisi. Utahitaji kamati ya maadili, kibali cha NACOSTI (tume ya kitaifa inayoidhinisha tafiti), ridhaa ya kila mchangiaji, na seli nyeupe zilizotengwa mapema kabla intaferoni haijabadilika kwa sababu ya kukaa kwenye chupa. Isitoshe, kila sehemu ya Alu huhaririwa kwa kiwango kidogo sana, mara nyingi chini ya RNA moja katika mia. Sanger haitaiona. Haipimwi herufi moja. Hupimwa jumla ya Alu zote, na hiyo ni kazi ya usomaji wa kina na kompyuta.

Lakini hii hii ndiyo kazi inayoweza kufanywa bila pipeti. Data za RNA za watu wengi na tishu nyingi ziko wazi mtandaoni, orodha za mamilioni ya sehemu zinazohaririwa zipo, na programu kama REDItools ni za bure. Unachohitaji ni kompyuta ya idara yenye nafasi ya kutosha, intaneti isiyokatika usiku, na chombo cha kuhifadhi stima, kwa sababu uchambuzi ukikatika katikati unaanza upya. Jihadhari na jambo moja: tofauti za kawaida za A na G kati ya mtu na mtu hufanana kabisa na uhariri. Usipoziondoa, utaripoti urithi ukiuita uhariri.

*Anayefaa.* Anayependa takwimu na mistari ya amri, au aliye ndani ya mradi mkubwa wa hospitali ambao tayari una sampuli na vibali. Asiye na moja kati ya hayo mawili asianzie hapa.

3. Utumbo: uhariri unaokatisha protini

*Kazi yake.* Jeni moja ya APOB hutoa protini mbili. Ini la binadamu hutengeneza ile ndefu, ApoB-100, yenye asidi amino 4,536, ambayo huishia kwenye kolesteroli ya LDL. Utumbo mwembamba hutengeneza fupi, ApoB-48, yenye asidi amino 2,152, ambayo hubeba mafuta ya chakula baada ya mlo. Mwaka 1987 ilijulikana sababu: katika utumbo, C ya kodoni CAA hugeuzwa kuwa U, ikawa UAA, ambayo ni alama ya kusimama. Ribosomu inafika hapo na kuacha kusoma. APOBEC1 yenyewe ilitambuliwa mwaka 1993. Baadaye, mwaka 2011, zilipatikana RNA nyingine zaidi ya 30 katika utumbo wa panya zinazohaririwa na kimeng'enya hiki, karibu zote nje ya sehemu inayotafsiriwa kuwa protini.

*Ikikosekana.* Panya wasio na APOBEC1 huishi na kuzaa. Wanapoteza ApoB-48, ila wanaendelea kufyonza mafuta kwa kutumia ile ndefu. Ikizidi ndipo hatari inapokuja: mwaka 1995, wanyama wa maabara waliowekewa APOBEC1 nyingi kwenye ini walipata saratani ya ini. Linganisha na ADAR1: ile ikikosekana mnyama hufa, hii ikivuka mipaka yake mnyama huugua.

*Sampuli na vipimo.* Kwa mwanafunzi wa Nakuru au Kakamega, hapa mlango uko wazi. Utafiti wa 1993 uliolinganisha mamalia wa aina 12 ulikuta uhariri wa APOB katika utumbo mwembamba wa wote. Kwenye ini ulionekana kwa mbwa, farasi na panya, lakini si kwa ng'ombe, kondoo wala nguruwe. Kuku hahariri APOB hata kwenye utumbo. Kwa hiyo kichinjio cha karibu kinakupa jaribio kamili: utumbo wa ng'ombe, ini la ng'ombe huyo huyo, na utumbo wa kuku kama kidhibiti. Unatoa RNA na DNA, unatengeneza cDNA (nakala ya DNA ya ile RNA), unafanya PCR, unapeleka kwa Sanger. Vilele viwili mahali pamoja, C na T, na DNA ya mnyama yule yule ikiwa na C peke yake: huo ni uhariri.

Ugumu ni mmoja na ni mkubwa. Utumbo umejaa vimeng'enya vinavyomeng'enya RNA. Nenda kichinjioni na kimiminika cha kuhifadhi RNA au barafu kavu, osha kipande kwa maji ya chumvi baridi, kwangua utando wa ndani papo hapo, uuhifadhi dakika zile zile. Ukisubiri kurudi Njoro na sampuli kwenye kikapu, hutapata kitu. Zungumza na daktari wa mifugo anayekagua nyama kabla ya siku yenyewe. Yeye ndiye atakayekusaidia kupata kipande mapema huku wachinjaji wakiendelea na kazi yao.

Wanafunzi wa Kisumu walio karibu na tafiti za VVU huniuliza kama APOBEC3G inaingia hapa. Haingii. Ni ndugu wa APOBEC1, lakini hushambulia DNA ya virusi inapotengenezwa, na virusi hujikinga kwa protini ya Vif. Hilo ni somo la maana sana, ila si uhariri wa RNA ya seli.

*Anayefaa.* Mwanafunzi wa shahada ya kwanza au ya uzamili mwenye bajeti ndogo anayetaka jibu la wazi la ndiyo au hapana, na yeyote wa lishe au sayansi ya mifugo.

Ukichagua kwa hali yako

Ukiwa na muhula mmoja au miwili na PCR ya idara, utumbo utakufikisha salama. Ili usirudie tu yaliyojulikana, ongeza swali dogo la kwako, kwa mfano ndama wanaonyonya dhidi ya ng'ombe waliokomaa. Wenye panya wa maabara wanaweza kuuliza kuhusu njaa na shibe, kwa kuwa kwenye ini la panya kufunga na kulishwa tena hubadilisha kiwango cha uhariri.

Ukiwa na miaka miwili, msimamizi wa entomolojia na njia ya kupata mbu, chagua neva na uifunge kwenye RDL. Anza na mbu wa aina ya Kisumu hadi mbinu ikae sawa, kisha uende shambani. Kibali cha kukusanya mbu kwenye nyumba za watu kiombwe mwanzoni, kabla hata ya kuagiza praima, vile vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR.

Ukiwa mbali na maabara, au ni mzazi au mwajiriwa anayesoma usiku, kinga kwa data zilizo wazi ndiyo itakayokuvumilia. Tafuta mtu wa takwimu mapema akague jinsi unavyoondoa tofauti za urithi.

Ukiwaza kuhusu dawa za kesho, baki na ADAR, iwe kwa njia ya neva au ya kinga. Oktoba 2024 kampuni ya Wave Life Sciences ilitangaza kwamba imefanikiwa kuhariri RNA ndani ya miili ya wagonjwa wenye upungufu wa alfa-1 antitripsini, kwa kuielekeza ADAR ya mgonjwa mwenyewe kwenye herufi yenye kasoro. Anayejua ADAR hushika wapi na huacha wapi ana nafasi katika kazi hiyo.

Na kama mada mbili bado zinakuvuta kwa nguvu sawa, andika kwa kila moja ukurasa mmoja wenye mambo matatu tu: sampuli itakapotoka, kipimo utakachotumia, na kidhibiti chako. Mpelekee msimamizi kurasa zote mbili kabla hujaandika utangulizi.